Kufuli la Uani na Yasiyoandikwa

Nimestaafu baada ya zaidi ya robo karne ya kusema maneno ya watu wengine, na sasa naruhusiwa kusema yangu. Vijana wa chumba cha wakalimani wameniomba niwaandikie nilivyoiona kazi hii, na nimekubali, kwa kuwa nyumbani wameshachoka kunisikiliza. Juu ya vyeo sitasema kitu, maana nilivyopata havijazi ukurasa. Juu ya mshahara pia sitasema. Mnaujua, ndio huohuo mnaopata nyinyi.

Niliingia mahakamani miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi kwa hesabu yake. Hakimu alikuwa Mzungu, sheria ilikuwa ya Kiingereza, na watu waliohukumiwa kwa sheria hiyo walikuwa wa Kariakoo, Mchafukoge na Magomeni, ambao Kiingereza kwao kilikuwa sauti ya redio ya jirani. Katikati yao aliwekwa mkalimani. Siku yangu ya kwanza nilivaa koti la kuazima na tai, nikitegemea kutafsiri hotuba za mawakili. Shauri la kwanza likawa la wachukuzi wawili wa sokoni waliotukanana juu ya mkokoteni.

Mlalamikaji akaeleza alivyotukanwa, tusi zima, mama akiwamo. Mimi niliyelelewa na bibi yangu nikaona aibu kulisema mbele ya Mzungu, nikasema kwa Kiingereza kwamba mshitakiwa alitumia lugha isiyopendeza. Mzee Athumani, mkalimani mkuu, aliyekuwa amekaa nyuma yangu anatafuna tangawizi, akanivuta koti.

"Idi, lile tusi si lako," akaninong'oneza. "Unalificha la nini? Lirudishe kwa wenyewe."

Nikalirudisha. Hakimu akaliandika kwa mwandiko mzuri, akauliza herufi moja.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kanzu zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Alinifundisha kazi kwa vitu vichache: daftari la jalada gumu, penseli mbili, maana moja huvunjika siku ya mauaji, glasi ya maji, na tangawizi kwa ajili ya koo. Msahafu na Biblia vya kuapia mashahidi tulivitunza kwenye sanduku moja, kila kimoja kwenye kitambaa chake. Kamusi tulikuwa nayo moja, nayo ilikosa kurasa za mwisho, kwa hiyo maneno ya herufi W tuliyakisia. Kwa Kiingereza herufi hiyo ndiyo yenye shahidi, wosia na mke, na mahakamani hayo ndiyo nusu ya kazi.

Lakini neno lililonitesa kuliko yote halikuwa la W. Lilikuwa neno ambalo mawakili walilipenda sana, la jambo ambalo sheria au mkataba haukulitaja, lakini linachukuliwa kana kwamba limetajwa. Mara ya kwanza nilipolisikia nilinyamaza, hakimu akanitazama, Mzee Athumani akainuka akasema mahali pangu, "Sheria imekusudia." Baadaye barazani nikamwambia kwamba hiyo haitoshi, kwani mtu atauliza, imekusudia wapi, mbona haikusema?

"Wewe ungesemaje?"

"Ningesema, imo ndani ya maneno ingawa haikutajwa."

Akahesabu kwa vidole. "Maneno sita kwa neno moja la Kizungu. Hakimu atadhani unahutubia."

Tulibishana wiki nzima. Kisha akaja Bi Somoe, akatupunguzia mpaka neno moja.

Bi Somoe alikuwa mjane kutoka upande wa Lindi, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kukaanga vitumbua na mihogo kwa wachukuzi wa soko la Kariakoo. Alipanga chumba kwenye nyumba ya Mzee Kondo, Mzaramo mwenye nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma ua wenye jiko, choo, bafu la makuti na kamba za kuanikia. Mzee Kondo alikuwa na kijana anayetaka kuoa, na chumba alichokitaka kijana ni kile cha Bi Somoe, kwa sababu ndicho chenye dirisha la barabarani. Sheria ya pango ya siku hizo haikumruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na Bi Somoe alikuwa hacheleweshi kodi wala hagombani na mtu. Hapakuwa na sababu ya kumtoa.

Basi Mzee Kondo akaenda kwa Bwana Vyas, wakili Mhindi mwenye ofisi Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa. Bwana Vyas akaomba karatasi ya kupangisha. Ilikuwa na mstari mmoja: nimempangisha Bi Somoe chumba kimoja, mkono wa kushoto ukiingia. Bwana Vyas akaisoma mara mbili akatabasamu. Kesho yake Mzee Kondo akatia kufuli mlango unaotoka ukumbini kwenda uani. Wapangaji wengine watatu akawapa funguo, kila mmoja wake. Bi Somoe hakumpa. Hakumfukuza, hakumgusa, hakutoa hata mkeka wake nje. Chumba alichomwandikia alikuwa nacho, pamoja na dirisha lake.

Bi Somoe akaishi hivyo siku kumi na moja, akienda choo kwa jirani na kuoga kwa jirani mwingine, vitumbua amesimamisha. Siku ya kumi na mbili akaja mahakamani na karatasi yake amefunga kwenye pindo la khanga.

Siku ya shauri Bwana Vyas alisimama na miwani yake mikononi, akasema kwa utulivu kwamba mahakama haiwezi kuwaandikia watu mkataba mpya. Karatasi inasema chumba. Haisemi ua, haisemi choo. Kisichoandikwa hakipo. Nikamtafsiria Bi Somoe neno kwa neno.

Hakimu akamwuliza, "Uliwahi kupewa ruhusa ya kutumia uani?"

"Ruhusa ya nini, bwana?"

"Ya kwenda chooni, kwa mfano."

Bi Somoe akanigeukia mimi, maana alidhani nimekosea. "Mwanangu, hebu mwulize vizuri. Mtu mzima huomba ruhusa?"

Nikamwambia hakimu aliyosema, na lile la mwanangu pia, kwa kuwa tusi la wachukuzi lilikuwa limenifunza. Hakimu hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa jua, mpole kwa sauti, mwenye kupenda kuona mambo kwa macho yake. Akasema mahakama itakwenda kuiona nyumba.

Tukaenda asubuhi ya joto kali, hakimu na kofia yake, mimi na faili, Bwana Vyas na mwavuli, askari mmoja mbele na nusu ya Kariakoo nyuma. Bwana Vyas akaweka pingamizi mlangoni. Shauri ni la chumba, akasema, kwa hiyo mahakama ikague chumba. Ua haumo kwenye mkataba, mlango wake ubaki na kufuli mpaka hukumu, isije ikaonekana mteja wake amekubali jambo. Hakimu akakubali. Tukakagua chumba. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na masufuria yaliyopangwa kwa ukubwa, safi, hayana kazi.

Mzee Kondo, ambaye shauri halikumsahaulisha kwamba ana wageni, akatuweka ukumbini kwenye viti na kuleta madafu. Hakimu akanywa dafu moja, akalisifu. Mzee Kondo akamkatia la pili. Bwana Vyas akaanza kueleza kesi fulani ya Uingereza, ndefu, ya watu wawili na shamba. Ilipofika katikati hakimu akaninamia, akaniuliza jambo kwa sauti ya chini.

Mzee Athumani alinifundisha kwamba linalosemwa shaurini hutafsiriwa kwa sauti ya kusikika. Nikamgeukia Mzee Kondo, nikasema, "Mheshimiwa anauliza choo kiko wapi."

Mzee Kondo akasimama mara moja, mkono mfukoni, maana mgeni ni mgeni. Bwana Vyas akakohoa. Mzee Kondo akamtazama wakili wake, akamtazama hakimu, na ule mkono ukabaki mfukoni. Bi Somoe alikuwa amekaa kizingitini pa chumba chake.

"Mpe ufunguo, Mzee," akasema. "Masikini, yeye hana hata karatasi ya chumba."

Hayo nayo niliyatafsiri. Hakimu akafunguliwa mlango.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Ilisema kwamba mtu aliyepewa chumba cha kuishi amepewa pia kile ambacho bila hicho hawezi kuishi humo, yaani njia, choo, bafu na mahali pa kupikia, kwa kiasi cha lazima na si zaidi. Ilitaja kesi ya wale watu wawili na shamba. Madafu haikuyataja.

Lilipofika lile neno langu gumu, Mzee Athumani akaniachia. Nikasema, "Haki ya uani imo ndani ya maneno ingawa haikutajwa."

Bi Somoe akainamisha kichwa akifikiri. "Imo?"

"Imo."

"Basi, imo," akasema, akamnyooshea Mzee Kondo mkono apokee ufunguo wake.

Kutoka siku hiyo neno likaingia mitaani. Sokoni mtu akinunua samaki akikatiwa kichwa pembeni, alisema kichwa kimo. Mchukuzi akilipwa kubeba gunia mpaka mlangoni, mwenye gunia alidai na ngazi zimo. Mzee Athumani, ambaye mwaka huohuo alirudi kwao Tanga kupumzika, alikuja kuniaga akaniambia kwamba ameishi kuona mji mzima unatafsiri vibaya kwa kosa langu.

Bi Somoe naye aliisoma hukumu yake kwa upana. Mahali pa kupikia pamo, basi moto umo. Moto umo, basi sufuria kubwa limo, maana dogo linapoteza kuni. Wateja wakila wamesimama wanachafua ukuta wa Mzee Kondo, basi mabenchi. Baada ya miezi kadhaa uani kwa Mzee Kondo pakawa na wachukuzi ishirini kila asubuhi, na Mzee Kondo akaja ofisini kwetu kwa miguu, jua kali, kuniuliza.

"Bwana Idi, nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyesema. Mabenchi nayo yamo?"

Nikamjibu kwamba mimi ni mkalimani tu. Akaniangalia kwa huzuni, kama mtu aliyedanganywa na duka analolijua, akaondoka.

Hao wachukuzi ishirini ndio waliomleta Bwana Afya. Kwa msiokumbuka, Bwana Afya alikuwa mkaguzi wa usafi wa mji, mwenye kofia, kaptula ya kaki na fimbo ya kupimia kina cha maji machafu. Huyu wa kwetu alikuwa kijana wa bara, mwenye bidii. Sheria ilimpa mamlaka ya kukagua mahali popote panapopikwa chakula cha kuuza. Ilisema hivyo tu. Haikusema aingieje, wala achukue nini.

Asubuhi moja aliingia uani kwa mlango wa nyuma, ambao ulikuwa wazi, na askari wawili. Mke wa Mzee Kondo alikuwa bafuni anaoga. Bafu lile la makuti lilimfika mabegani, kwa hiyo ilimbidi achuchumae humo mpaka wanaume wamalize shughuli ya serikali. Bi Somoe alikuwa na mwiko mkononi. Akasimama mbele ya jiko akasema hawapiti. Wakapita. Bwana Afya akachukua masufuria manne kuwa ushahidi. Matatu yalikuwa ya Bi Somoe. La nne lilikuwa la wali wa nazi, wa chakula cha mchana cha Mzee Kondo mwenyewe.

Bi Somoe akashitakiwa makosa mawili. La kwanza, kupika chakula cha kuuza bila leseni. La pili, kumzuia Bwana Afya kazini, na hilo lilikuwa na kifungo. Aliponijia barazani kuulizia siku ya shauri hakuwa na utani wake wa kawaida.

"Wakinifunga miezi mitatu," akasema, "nikitoka nitakuta bibi harusi chumbani kwangu. Na kwa sheria ipi nitamtoa?"

Mkalimani hatoi ushauri. Nilimpa tangawizi. Ndicho kitu nilichokuwa nacho.

Siku ya shauri aliyeshuka mbele ya mahakama alikuwa Bwana Vyas na mwavuli wake, na nyuma yake Mzee Kondo kwenye kanzu ya Ijumaa. Nikadhani mzee amekuja kuona chumba chake kinavyopatikana bila jasho. Kumbe alikuwa ameleta wakili wake amtetee Bi Somoe. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Alinijibu kwamba chumba kinaweza kusubiri, lakini mke wake alikuwa amechuchumaa bafuni robo saa.

Bwana Vyas alisimama siku ile kwa furaha ambayo sikupata kuiona tena usoni pake. "Mheshimiwa atakumbuka," akasema, "kwamba niliwahi kusema mahakamani hapa kuwa kisichoandikwa hakipo. Sikusikilizwa. Nakuja kusema tena. Sheria imempa Bwana Afya kukagua. Haikumpa kuingia. Haikumpa kuchukua masufuria. Kama hakuwa na haki ya kuingia, hakuna aliyemzuia."

Mwendesha mashitaka alikuwa inspekta wa polisi. Akainuka na karatasi, na mimi nikaitambua kabla hajaifungua. Ilikuwa hukumu ya Bi Somoe. Akaisoma yote, ya chumba na uani, njia na choo, kisha akasema kwamba kama haki ya mpangaji imo bila kutajwa, basi na mamlaka ya serikali yamo bila kutajwa. Mtu hawezi kukagua sufuria akiwa barabarani. Kukagua bila kuingia ni sawa na chumba bila choo.

Nilikuwa natafsiri huku nimeinamisha macho. Bi Somoe akaniuliza kizimbani, kwa sauti, "Hayo si maneno yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nani kawapa?"

Hakimu akataka kujua anasema nini. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akamsemesha mwenyewe, kupitia mimi. "Bi Somoe, ulipokuja hapa mara ya kwanza ulitaka niseme kwamba cha lazima kimo. Nikasema. Leo Bwana Afya anataka nimwambie hivyohivyo. Nimnyimeje yeye nilichokupa wewe?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mtu akiulizwa swali gumu zaidi ya hilo, na niliwaona mawakili wakubwa wakiulizwa madogo kuliko hayo wakaomba shauri liahirishwe. Bi Somoe alishika ubao wa kizimba akafikiri.

"Usimnyime," akasema. "Kuingia ni lazima kwake, nakubali. Lakini bwana ulisema cha lazima na si zaidi. Kuingia kama mwizi kuna ulazima gani? Hakupiga hodi."

Na hapo ndipo nilipokosea, nami nawaandikia kosa hili ili mlijue. Nilisema kwa Kiingereza kwamba hakugonga mlango.

Hakimu akatazama maelezo yake. "Mlango ulikuwa wazi. Angegonga nini?"

Watu wakacheka, hata inspekta. Bi Somoe akajua kwamba kuna kitu kimepotea kati ya mdomo wake na sikio la hakimu, na akajua kimepotelea kwangu. Nikasimama wima nikamwambia hakimu kwamba tafsiri yangu ilikuwa na upungufu, kwamba hodi si kugonga, na kwamba Kiingereza changu hakina neno hilo.

"Ni nini basi?"

"Mkalimani hatoi ushahidi, bwana. Yuko shahidi."

Mzee Kondo akaapishwa. Alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto wa mtu mwingine. "Hodi ni neno. Unasimama nje, mlango uwe wazi uwe umefungwa, hata pasiwe na mlango. Unasema hodi. Wa ndani akisema karibu, unaingia. Akinyamaza unasema tena. Mara ya tatu akinyamaza unakwenda zako, hata kama unamsikia anakohoa."

"Na kama anayeingia ni serikali?"

"Serikali haina mdomo?"

Bwana Afya naye akarudishwa kizimbani. Hakimu akamwuliza kama yeye, akienda nyumbani kwa mtu, hupiga hodi. Yule kijana alikuwa mkweli, na naamini ukweli wake ndio uliomshinda. "Nikiwa sina yunifomu, ndiyo, bwana."

Hukumu ilichukua siku tatu. Hakimu alisema kwamba mamlaka ya kukagua yana ndani yake mamlaka ya kuingia, kwa sababu bila kuingia ukaguzi ni maneno matupu. Hapo nikamwona Bi Somoe anafumba macho. Kisha akasema kwamba mamlaka ambayo hayakuandikwa hayawezi kuwa mapana kuliko sababu iliyoyaingiza. Mtunga sheria mwenye akili hadhaniwi kumtuma mtumishi wake aingie katika ua wa watu ghafla, mke wa mtu akiwa anaoga, wakati neno moja la kistaarabu, analolijua kila mwenyeji, lingetosha. Na kwa kuwa sufuria linaweza kukaguliwa mahali lilipo, kulibeba hakumo. Aliyezuia mtu kuingia isivyo halali hana kosa. Juu ya leseni Bi Somoe alionywa aende akaikate.

Masufuria yote manne yalirudishwa. Wali haukurudi. Ushahidi ule ulilika wapi, mahakama haikuuliza.

Bwana Vyas nilimkuta barazani anakunja mwavuli wake, hana furaha hata kidogo.

"Umeshinda, bwana," nikamwambia kwa Kiswahili, maana alikizungumza vizuri, Kiswahili cha dukani kwao.

"Nimeshinda kwa hoja ya adui, Bwana Idi. Miaka yote nasema kisichoandikwa hakipo, na leo mteja wangu kaokolewa na neno ambalo hata kwenye kamusi halimo."

Bi Somoe na Mzee Kondo waliondoka pamoja kwa miguu, yeye mbele na masufuria matatu kichwani, mzee nyuma na la nne. Niliwasikia mpaka wanakata kona. Mzee alikuwa anasema mabenchi yatoke. Mabenchi hayakutoka. Kijana aliyetaka kuoa alipata nyumba Magomeni, akaoa huko, na harusi ilipikiwa uani kwa baba yake, mpishi mkuu mnamjua.

Wakuu wa mji hawakufurahishwa na hukumu ile. Mahakama ikisoma ndani ya sheria jambo lisiloandikwa, aliyeiandika bado ana wino. Haikupita muda wakatoa sheria ndogo mpya. Hii haikuacha kitu cha kudhaniwa. Bwana Afya anaweza kuingia katika nyumba au ua wowote kwa wakati unaofaa, na anaweza kuchukua chombo chochote. Yote kwa Kiingereza kilichonyooka. Ikaletwa mahakamani nitafsiri kwa Kiswahili ili ibandikwe sokoni, na hakimu athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi.

Vifungu vingine vilinichukua nusu saa. Kile cha kuingia kilinichukua asubuhi nzima. Niliandika "anaweza kuingia", nikakifuta, nikakiandika tena. Kuingia, kwa Kiingereza chao, lilikuwa neno la adabu, mtu mwenye kofia mkononi. Kwa Kiswahili anayekuta watu kwao akapita moja kwa moja haingii, anavamia, nalo neno la kuvamia Waingereza hawakuliandika. Wangelitaka wangeliandika, wino walikuwa nao. Mwisho nikaandika: Bwana Afya anaweza kupiga hodi na kuingia.

Hakimu alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kufikia wakati ule. Akaisoma tafsiri yangu kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kidole kikafika hapo kikasimama.

"Neno hili sikuliona kwenye Kiingereza."

"Hapana, bwana."

"Umeliongeza?"

Nikamweleza habari ya kuingia na kuvamia, kama nilivyowaelezeni. Nilikuwa na watoto wawili na kazi moja. Alinisikiliza akitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazamwa ila ukuta wa ofisi ya jirani.

"Kwa hiyo unasema kwamba bila neno hili tafsiri ingekuwa na makosa."

"Ndiyo, bwana."

Akatia saini yake. Kisha akanisukumia karatasi nitie yangu, chini ya maneno ya kawaida yanayosema kwamba mimi, mkalimani wa mahakama, nimetafsiri kwa uaminifu, sikuongeza wala sikupunguza. Nikaisoma ile sentensi mpaka mwisho, nikachovya kalamu, nikatia saini.

Tangazo likabandikwa soko la Kariakoo, upande wa wauza samaki. Nilipita hapo kesho yake kununua kitoweo nikamkuta Bwana Afya, kofia kichwani na fimbo mkononi. Sheria ya Kiingereza hakuwahi kuonyeshwa. Alikuwa amesimama mbele ya ile ya Kiswahili, anaisoma.

Akanisalimu. "Bwana mkalimani, ndiyo sheria yenyewe hii?"

Nikamwambia ndiyo yenyewe.

Akatoa kitabu chake mfukoni, akailowesha penseli kwa ulimi, akaanza kunakili.